Kanzu Iliyokwenda Kuoga Mwaka

Ijumaa, 5 Agosti 1955. Tongoni.

Leo kibunzi, siku ya mwisho ya mwaka. Mwaka wetu wa pwani, si ule wa Januari wa kina Rafaeli wa shamba la mkonge. Nimezima moto jikoni na kuzoa majivu yote, kama ada. Kesho alfajiri kijiji kizima kitateremka kuoga mwaka, kila mtu na kifuu chake cha majivu. Unazama, unamwaga majivu, unatoka mpya. Ya zamani yanabaki majini.

Nina ya kuacha mwaka huu. Si kwa kupenda! Mke wangu Mwanamkasi yuko Nguvumali kwa shangazi yake Semeni, wiki ya tatu sasa. Ameondoka kwa sababu ya gauni. Gauni moja! Alitaka alivae harusi ya mdogo wake. Nikamwambia kesho, nikamwambia tena kesho, harusi ikafika, akaenda na gauni kuukuu lenye kiraka kwapani. Mke wa fundi cherehani. Wanawake walimcheka mpaka akarudi kabla ya pilau.

Barua imefika kwa basi la Pangani. Aliyeandika ni Semeni, ila maneno ni ya Mwanamkasi, nayajua yalivyo makavu. Atakuja siku ya kumi, mwongo wa kwanza wa mwaka, yaani zile siku kumi za mwanzo, ukitimia. Akinikuta na ugoro puani, au nimelala jua likiwa juu, au bado nawaambia watu kesho, hatashusha hata mzigo. Atageuka na basi hilo hilo, aende kwa kadhi kudai talaka.

Nampenda Mwanamkasi. Naandika hapa, nyuma ya daftari la vipimo, kwa sababu hapa hasomi mtu.

Nimeandika nadhiri tatu kwenye karatasi. Mimi Kombo bin Uweso, sivuti tena ugoro. Naamka alfajiri. Sisemi tena kesho. Karatasi safi, mwandiko mzuri.

Kasoro ni moja tu. Maji! Kusi linavuma, na maji ya alfajiri yanaingia mpaka kwenye mifupa. Tangu baba afariki sijaoga mwaka hata mara moja. Hujimwagia kata moja ya maji ya mtungi kichwani, nikapita mbele za watu nikitetemeka. Bibi yangu alikuwa akisema asiyeoga hubaki na mwaka wake, na mwaka ukiisha huzolewa pamoja na majivu. Vitisho vya watoto. Lakini mwaka huu Sadalla, fundi wa ng'ambo ya njia, amesema barazani kwamba atanitazama mimi tu, aone kama nitalowa. Hasidi mkubwa!

Adhuhuri nimejilaza nikapata akili. Fundi hamshonei mtu, anakishonea kipimo. Mtu kwa fundi ni nini? Mabega, kifua, mkono, urefu. Basi nitashona kanzu ya kipimo changu hasa, niijaze majivu ya jiko langu, niitie karatasi ya nadhiri mfukoni, na kanzu ikaoge badala yangu.

Kanzu imekwisha kabla ya magharibi. Bafta nyeupe, shingoni mshono mmoja umekwenda upande, haidhuru. Tangu nishike sindano sijawahi kumaliza kazi siku ile ile niliyoianza.


Jumamosi, 6 Agosti. Siku ya Mwaka.

Mambo tayari! Kelele za watu zimeniamsha. Wao wameteremkia ufukweni, mimi nimepita nyuma ya mikoko na kanzu begani. Nimeiweka majini kwa ncha ya ufito, nisilowe hata kidole.

Majivu yamemwagika. Kanzu nilitaraji izame. Haikuzama. Imejaa, imetanua mikono, imekwenda. Upepo ulikuwa unakuja pwani, mawimbi yanakuja pwani, na kanzu inakwenda kule yanakotoka. Nimeitazama mpaka imekuwa doa. Sikupenda.

Nyumbani nimejimwagia kata yangu. Njiani nimekutana na Mzee Mwinyijuma, muadhini, nikampa shikamoo. Ameitika marahaba, akanipongeza kwa sauti mbele ya Sadalla. Amesema tangu azaliwe hajaona mtu aliyezama muda mrefu vile, kwamba walikwisha anza kusoma dua wakidhani nimekufa, ndipo nikatoka. Sadalla naye ameona. Amenuna kama aliyemeza shubiri.

Macho ya wazee! Ila Sadalla si mzee.

Moto wa mwaka mpya umekataa kuwaka. Nimemaliza kiberiti kizima, kuni kavu, jiko kavu. Nimekula muhogo wa jana, wa baridi. Nimevuta ugoro kidogo wa kujiliwaza. Nadhiri zitaanza kesho. Neno hilo nimelisema peke yangu, kwa hiyo halihesabiwi.


Jumapili, 7 Agosti

Sadalla ameniamsha jua likiwa kwenye paa. Alikuja kugomba. Eti nimechukua nafasi yake safu ya mbele msikitini alfajiri, nikamlowesha mkeka.

Mimi? Nilikuwa kitandani!

Lakini mwenye akili hakatai sifa inayokuja yenyewe. Nimemwambia awahi siku nyingine. Amekwenda zake, na mimi nimecheka peke yangu, mpaka nilipotazama chini.

Nyayo. Zimetoka njiani, zimevuka kizingiti, zimekwenda mpaka kwenye cherehani. Za maji, na kando chumvi imekauka nyeupe. Nimechukua futi nikapima. Urefu wangu, upana wangu. Kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto kimepinda, kama changu kilivyopinda tangu kiangukiwe na pasi. Nyayo za kuingia zipo. Za kutoka hakuna.

Juu ya cherehani, suruali ya Rafaeli. Niliikata kabla ya Pasaka na haijasogea tangu hapo. Imekwisha. Imepigwa pasi. Nimeutazama mshono kwa karibu. Ni mshono wangu, ule wa zamani, wa siku ambazo baba alikuwa akisimama nyuma yangu.


Jumatatu, 8 Agosti

Rafaeli ni mnyapara kwenye shamba la mkonge, na kila Jumatatu huja kunipigia kelele. Ni desturi yetu. Yeye hupiga kelele, mimi humwambia kesho, yeye hupiga teke kiti, tunaagana. Leo nimempa suruali. Maskini, hakujua afanye nini na kelele zake! Ameivaa, imemkaa. Ametia mkono mfukoni akatoa kaa mdogo, mzima, anatembea.

Ameniuliza, fundi, siku hizi unashonea baharini? Nimecheka. Naye amecheka kidogo, kisha akauliza mbona asubuhi alinipungia mkono njiani nikampita mbio, nimelowa chapachapa, na kusi lote hili. Nikasema mazoezi.

Nimekaa nikafikiri. Kuogopa ni kazi ya watu wasio na mipango. Karatasi ya nadhiri ilikuwa mfukoni mwa kanzu. Basi mwenye kanzu ndiye mwenye nadhiri. Yeye ataamka, yeye atashona, yeye hatasema kesho. Sifa zitaandikwa kwa jina la Kombo bin Uweso, na Mwanamkasi atashusha mzigo. Nimepata mwaka mpya bila kulowa!

Nimemwachia gauni la Dorkasi, mke wa Rafaeli, na uzi wa kutosha. Gauni la Mwanamkasi nimeliweka juu kabisa.


Jumatano, 10 Agosti

Kazi zote za wateja zimekwisha. Zote! Nimefungua daftari la vipimo upande wa mbele. Kando ya kila jina pameandikwa Tayari, kwa mwandiko wangu, na wino umetawanyika kwa unyevu. Miaka kumi na mmoja ya ufundi, neno hilo sijawahi kuliandika.

Wateja wa Sadalla wanavuka njia wanakuja kwangu. Amekaa barazani kwake anajipepea. Raha iliyoje!

Ila kuna dhuluma. Kopo langu la ugoro nimelikuta tupu, limeoshwa kwa maji ya chumvi. Nimenunua jingine, nikalificha darini. Tupu, limeoshwa. La tatu nimelifunga ndani ya kilemba nikalala nacho kichwani. Nimeamka kilemba kimelowa, kopo limekaa kifuani pangu, linang'aa. Nadhiri ni zake, ugoro ni wangu. Kila mtu na chake!

Na jambo jingine, dogo. Dorkasi amekuja kuchukua gauni. Nimemkaribisha, nimemsifia mabega. Hakuniitika. Ametazama juu ya kichwa changu, akasema, "Ahsante sana, fundi, Mungu akubariki," kisha akatulia, kama anayesikiliza jibu, akaona haya, akacheka. Nimegeuka. Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Kiti cha cherehani kilikuwa kinachuruzika maji.


Alhamisi, 11 Agosti

Mzee Mwinyijuma nimempa shikamoo mara mbili. Hakunijibu. Nilidhani masikio, lakini wakati huo huo kuku wa Sadalla kakohoa ng'ambo ya njia naye akamgeukia.

Kuku hao! Wanne wamenifuata mpaka barazani. Wamekaa juu ya miguu yangu, wametanua mbawa, wamejigaragaza. Kuku hujigaragaza hivyo mahali pamoja tu, kwenye majivu.

Nimetazama miguu yangu. Kijivu mpaka kwenye fundo. Nimeosha. Imekauka, kijivu. Nimeosha kwa sabuni. Sakafuni nyayo zake ni za maji, zangu ni za majivu, na zake ni nyingi kuliko zangu.

Jiko bado haliwaki. Kiberiti cha nne.

Naogopa kidogo. Naandika tu, si kwamba naogopa sana.


Ijumaa, 12 Agosti

Nimeamka alfajiri! Kwa hofu, lakini kuamka ni kuamka. Nimekwenda msikitini kumwona kwa macho yangu.

Safu zilikuwa zimejaa. Nimegusa bega la huyu, la yule, hakuna aliyesogea. Nimesimama mlangoni penye viatu. Safu ya mbele, mkeka wa Sadalla, mgongo wa bafta nyeupe unachuruzika. Shingoni mshono mmoja umekwenda upande.

Walipotoa salamu, kulia kisha kushoto, nimeuona uso. Ni wangu. Kovu la kidevuni, nyusi za mama. Ni uso wangu, ila umeamka. Sijui nieleze vipi zaidi. Miaka yote nimejitazama kwenye kioo na sikuwahi kujua kwamba uso wangu ulikuwa umelala.

Hakunitazama. Watu wamempa mikono, wakamwuliza hali ya Mwanamkasi, akajibu kwa upole kwamba anamngoja. Sauti yangu, bila kwikwi ya ugoro. Mzee Mwinyijuma amenikanyaga mguu akitoka, akafuta kiatu chake kizingitini.


Jumapili, 14 Agosti

Jana sikuandika. Nilikuwa napanga.

Kesho adhuhuri basi linafika. Lazima mmoja awe mume wa Mwanamkasi, na mimi ndiye niliyemwoa. Mpango: fundi akitaka kuondoa vazi halipigi, analifumua. Kanzu ile nimeishona mimi, najua uzi unapoanzia. Nimvutie uzi wa pindo, ifumuke yote, nichukue karatasi yangu, nibaki peke yangu na kazi zilizokwisha na sifa zangu. Mkasi nimeunoa.

Alasiri amekaa kwenye cherehani, mgongo kwangu, anamalizia gauni la Mwanamkasi. La kijani, lile la harusi. Maji yanamtoka mikononi lakini kitambaa hakilowi. Nimepiga magoti nyuma yake. Nimeukamata uzi. Nimeuvuta.

Aliyefumuka ni mimi! Kidole cha shahada kimelegea, ncha yake imemwagika sakafuni kama majivu ya sigara. Hakikuuma. Ingekuwa nafuu kama kingeuma. Nimepiga kelele nikaachia uzi.

Hakusimamisha cherehani. Nimemwuliza kwa ukali anataka nini kwangu, ataondoka lini. Hapo ndipo aliponijibu, mara ya kwanza na ya mwisho. Alisema kama mtu anayemwambia mwenzake vazi limefikia wapi. "Leo, ukioga. Mwongo haujafungwa. Uingie maji mpaka kichwa, unapotoka wewe ndipo nitakaporudi mimi. Kesho jua likichomoza, basi."

Hayo tu. Hapana dawa, hapana mbuzi, hapana mganga. Bahari iko nyuma ya nyumba.

Nimetoka. Nimefika. Nimetia kidole gumba cha mguu. Ya Rabi, baridi! Na upepo ule. Na jua lilikuwa linashuka, na mtu akilowa jioni hupata homa, kila mtu anajua. Nimefikiri kwa makini. Alfajiri ndiyo saa yenyewe ya kuoga mwaka, si jioni. Alfajiri ni kabla ya jua. Kwa hiyo nafasi ipo, tena bora zaidi.

Nimerudi nikamwambia, kesho. Kesho alfajiri na mapema, naapa.

Mguu wake ulisita kidogo juu ya cherehani. Amenitazama kwa mara ya kwanza, na nimeona ananihurumia. Kisha akaendelea kushona.

Sitalala. Nimepata ugoro kidogo, Sadalla kausahau barazani. Chembe mbili tatu tu, za kunitia macho mpaka alfajiri.


Jumatatu, 15 Agosti

Jua lilikuwa usoni pangu nilipoamka.

Nimekimbia. Nimeingia majini na nguo, mpaka magoti, mpaka kiuno, mpaka kichwa! Maji yamenipisha. Nimetoka mkavu, kijivu, na nyuma yangu bahari imebaki na utando mwembamba kama wa sufuria iliyosuguliwa.

Basi limefika adhuhuri. Mwanamkasi ameshuka peke yake, mzigo bado juu, mkono mmoja ameshika mlango wa basi. Nimemwita. Nimesimama mbele yake nikamwita jina lake lote. Amepepesa macho kama mtu aliyeingiwa na vumbi, akatazama nyumba.

Yule alikuwa mlangoni na gauni la kijani mikononi. Amemnyooshea. Mwanamkasi amelishika, amegeuza ndani nje, amekagua kila mshono, kwapa zote mbili. Kisha amemwambia utingo ashushe mzigo.

Niliumia. Nimejua siku ile ya harusi ilivyomwuma yeye, kwa sababu uchungu uliniingia mahali pale pale.

Ameingia jikoni, amewasha njiti moja. Moto umewaka. Nimesimama karibu na dirisha nikamsikia akisema nyumba inanukia bahari. Yule amejibu kitu kwa sauti ya chini, na Mwanamkasi amecheka. Kicheko kile nilikisikia mara ya mwisho mwaka tuliooana. Nilidhani amekipoteza. Kumbe alikuwa nacho.

Nimeingia. Nimesema mume wako ni mimi, mnuse, mtazame miguu! Ametazama sakafu. Ameuliza ni nani aliyemwaga majivu mpaka chumbani, ilhali watu wamekwisha oga mwaka. Amechukua ufagio. Anafagia vizuri Mwanamkasi, habakizi pembe. Kutoka chumbani mpaka ukumbini, ukumbini mpaka uani, uani mpaka jaani. Nilikuwa nimeshika daftari hili, sikuliachia.


Jumanne, 16 Agosti

Jaani si pabaya. Pana joto. Kuku wa Sadalla wamenizoea, na wanne wamenitagia.

Wino sina, naandika kwa mkaa. Asubuhi nimewaona wakinywa chai barazani, Mwanamkasi na gauni lake la kijani, siku ya kazi! Rafaeli amepita, wamempa kikombe. Kando ya kiti cha yule kuna dimbwi, na Mwanamkasi ameweka mguu mmoja ndani yake, anauchezesha. Nimetazama mpaka sikuweza kutazama. Halafu nimetazama tena.

Lakini nimekaa nikafikiri, na kosa nimelijua. Kanzu ilikuwa moja! Ningeshona mbili, moja ikaoge, ya pili ikakae nyumbani kunishikia nafasi. Na karatasi nisiitie mfukoni, maana nadhiri ndizo zilizomtia kiburi. Mwakani siku kama hii narudi ndani, na Mwanamkasi hatajua hata kama niliondoka.

Bafta ninayo. Kipande kizima kimetupwa hapa pamoja na vitambaa, bado kizuri. Chaki ninayo. Mkasi ninao. Kipimo nakijua kwa moyo. Chini ya vifuu nimepata na ugoro, nusu kopo, mkavu.

Mwaka ni mrefu, haraka ya nini. Nitaanza kukata kesho.